Miezi saba na herufi moja: nilivyotuma makala kwenye jarida la superkondakta na usumaku

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja: lile jarida la superkondakta na usumaku ulimochapisha, na mimi niwatumie? Jibu fupi ninalowapa ni kwamba wahakiki wake ni wazuri kuliko sifa zake, mfumo wake wa kupakia makala unachosha, na wachapaji wake usiwape kisogo. Jibu refu ndilo hili. Superkondakta, kwa asiyejua, ni kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa vya kutosha. Jina la jarida silitaji, kwa kuwa nina makala nyingine mikononi mwao hadi leo na sina haja ya kutafutana.

Mimi ni mtu wa sampuli. Nadharia nawaachia wenye subira nayo. Kazi yangu ni kuchanganya unga wa magnesi na wa boroni, kuubana uwe kidonge, kukifunga kidonge ndani ya bomba la chuma na kukichoma kwenye tanuri lenye argoni, maana magnesi ikikutana na hewa kwenye joto lile inawaka na siku imekwenda. Kinachotoka, ukibahatika, ni magnesi diboraidi, MgB₂. Wanakemia walikijua tangu miaka ya 1950, kikakaa kwenye chupa bila mtu kukishuku, mpaka mwaka 2001 kikundi cha Japani kilipoonyesha kwamba kikipozwa hadi kelvini 39 (kama nyuzi 234 za Selsiasi chini ya sifuri) ukinzani wake wa umeme unatoweka. Sisi tulipachika kaboni kidogo mahali pa boroni. Kaboni inashusha hilo joto la kuvuka, Tc, lakini inakifanya kidonge kivumilie uga mkubwa wa sumaku bila kupoteza upesi uwezo wake wa kubeba mkondo. Si ugunduzi wa kutikisa dunia. Ni vidonge kumi na viwili na miaka miwili ya mikono yangu.

Kabla ya kufika huko tulijaribu kwingine. Nilikuwa na tamaa ya jarida kubwa, la fizikia yote, ambalo ukitoka humo hata mtu wa nyota anakusikia. Profesa alitikisa kichwa.

"Kijana, hiyo ni makala ya watu wa fani. Wapelekee watu wa fani."

"Lakini Mwalimu, kule wanasomwa zaidi."

"Haya, nenda. Utarudi."

Nilirudi siku ya nne. Mhariri wa kule alisema kazi ni nzuri ila haitawavutia wasomaji wake wa aina zote, na hakuna mhakiki hata mmoja aliyeiona. Profesa hakunisimanga. Alinikumbusha tu habari ya wanafizikia Bednorz na Müller, ambao mwaka 1986 walipopata dalili za usuperkondakta karibu na kelvini 30 kwenye oksidi ya shaba yenye lanthani na bari, waliipeleka kwenye jarida la Zeitschrift für Physik B, na kwenye kichwa cha makala wakatanguliza neno la tahadhari, kwamba hii huenda ikawa ni superkondakta. Mwaka uliofuata walikuwa wanapokea Nobeli. "Wewe humo huna Nobeli," akaongeza, "kwa hiyo hata sababu ya kuringa huna."

Basi nikafungua akaunti kwenye jarida la fani.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfumo ulinitaka namba yangu ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti, halafu ya kila mwandishi mwenza, halafu ukamtumia kila mmoja baruapepe ya kuthibitisha kwamba kweli ni mwandishi, na mmoja wetu huwa hafungui baruapepe mpaka umpigie simu. Kisanduku cha kichwa cha makala hakikubali herufi ndogo za chini, kwa hiyo MgB₂ ikawa MgB2, na nilipojaribu kulazimisha ikatokea mlolongo wa alama za kompyuta ambao ungewafanya wahakiki wadhani tumegundua kampaundi mpya. Michoro inatakiwa kila mmoja na faili lake. Ukikaa kimya dakika thelathini ukitafuta faili, mfumo unakutoa na kukusahau. Nilitolewa mara mbili.

Kuna ukurasa mmoja ulionichekesha kwa uchungu. Walitaka nambari za PACS, ule utaratibu wa zamani wa kupanga mada za fizikia ambapo 74 ni superkondakta na 75 ni usumaku. Utaratibu huo haujasasishwa tangu toleo la 2010, na chama cha wanafizikia cha Marekani kilishahamia mpango wake mwingine mwaka 2016. Jarida bado linazidai, na bila kuzijaza kitufe cha kuendelea hakiwaki. Nikaweka 74.70.Ad, ambamo MgB₂ imewekwa na wenzake, na 74.25.Sv ya mikondo ya ukomo, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao superkondakta inaweza kubeba, nikasonga mbele. Hizo namba zitamsaidia nani, sijui. Ila zimo kwenye makala yangu hadi kiama.

Siku mbili baadaye makala ikarudi kabla hata ya kumfikia mhariri. Programu ya kupima ufanano wa maandishi ilisema asilimia 23 yamefanana na maandishi mengine. Kuangalia, ni sehemu ya mbinu: ule unga, ule mbano, ile argoni, sentensi zile zile nilizoandika kwenye makala ya mkutano mwaka uliotangulia. Nimejiibia mwenyewe. Niliziandika upya, ikapita. Hapo sina lawama, ila namwambia yeyote anayeanza: sehemu ya mbinu usiinakili hata kama ni yako, taja makala yako ya zamani na ueleze kilichobadilika.

Kisha kungoja. Hali ya makala huonekana kwa maneno mawili matatu: "Kwa mhariri" kwa siku kumi na tisa, "Wahakiki wanaalikwa" kwa wiki tano, halafu "Inahakikiwa". Hizo wiki tano maana yake ni kwamba watu wanaombwa na wanakataa mmoja baada ya mwingine, nami siwalaumu, kazi hiyo hailipwi. Kama ningeanza upya ningejaza vizuri zaidi ile nafasi ya kupendekeza wahakiki. Nilipendekeza majina makubwa mawili ambayo bila shaka yana foleni ya maombi mpaka mlangoni. Ningependekeza watu niliowasoma kweli, wale ambao tumewataja kwenye marejeo kwa sababu walipima kitu kile kile, wenye baruapepe za vyuo vyao, na ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuandika nao. Wiki ya tisa nilimwandikia mhariri mistari mitatu ya adabu kuuliza, akajibu siku hiyo hiyo. Nawasifu kwa hilo: upande wa pili yupo binadamu, na ni mwanafizikia.

Majibu yalikuja wiki ya kumi na nne. Marekebisho makubwa.

Mhakiki wa kwanza aliandika mistari sita. Kazi nzuri, Kiingereza kiangaliwe, na tafadhali mtaje makala hizi tano. Makala zote tano zilikuwa za kikundi kimoja. Moja kweli ilituhusu, tukaitaja. Nyingine nne tulimwandikia mhariri kwa upole kwamba hatuoni zinapoingia, na hakuna aliyetusumbua tena. Pia alitaka tupime kwenye kelvini 2 mpaka uga wa sumaku wa tesla 14. Sumaku yetu inaishia 7, na heli ya kimiminika, ya kupozea hadi huko, ni kitu ambacho maabara nyingi hukipanga miezi kabla. Nilikuwa nimeandika aya nzima ya kujitetea. Profesa akaifuta akaacha sentensi mbili: chombo kinaishia tesla 7, na hitimisho la makala halitegemei uga wa juu ya hapo. "Sema ukweli mara moja," akaniambia, "usiombe radhi mara tatu." Ilikubaliwa.

Mhakiki wa pili ndiye sababu ya mimi kuandika haya yote. Kurasa tatu. Simjui ni nani wala sitamjua, kwa kuwa jarida hili yeye analiona jina langu na mimi silioni lake, lakini ni mtu aliyewahi kukaa mbele ya magnetometa, chombo cha kupimia usumaku, usiku wa manane.

Kielelezo cha 3 kilikuwa fahari yangu. Kinaonyesha jinsi kidonge kinavyoifukuza sumaku kinapopozwa, ile athari waliyoigundua Meissner na Ochsenfeld mwaka 1933. Superkondakta kamili, kwenye vipimo vya kimataifa vya SI, saseptibiliti yake, yaani kipimo cha jinsi inavyoitikia uga, ni −1: uga wote umetolewa nje, asilimia mia. Grafu yangu ilishuka hadi −1.6. Mimi nilifurahi, niliona sampuli yetu ni nzuri mno. Mhakiki aliandika swali moja tu: "Je, sampuli yenu inafukuza sumaku nyingi kuliko iliyopo?"

Nilisoma nikanyamaza. Nikaenda kukitazama kidonge chenyewe. Nilikuwa nimekikata karibu mchemraba, milimita mbili kila upande. Uga wa sumaku ukifukuzwa kutoka ndani haupotei; mistari yake inapinda na kusongamana pembeni mwa sampuli, kwa hiyo sampuli inahisi uga mkubwa kuliko ule ulioandika kwenye mashine. Kiasi cha kusongamana kinategemea umbo. Sindano ndefu iliyolala sambamba na uga haisumbui karibu chochote. Tufe lina kigezo cha umbo cha theluthi moja, kwa hiyo tufe la superkondakta kamili litakusomea −1.5 na halijafanya muujiza wowote. Mchemraba wangu uko jirani na tufe. Tuliposahihisha umbo, −1.6 ikarudi karibu na −1 kabisa, mahali inapopaswa kuwa. Kitabu cha mwaka wa tatu kina jambo hili. Sisi wanne tulioandika, na wote tuna shahada za kutosha kutundika ukuta mzima, hatukuliona.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa kuhusu sumaku ya chombo. Ile sumaku yenyewe ni waya wa superkondakta, na ukiipandisha mpaka tesla 7 halafu ukaishusha sifuri, haiwi sifuri. Mistari inabaki imenaswa ndani ya waya, labda oerstedi (kizio kidogo cha zamani cha uga) kumi na kitu au zaidi. Ukija kupima kwenye oerstedi 10 unaweza kuwa kweli uko kwenye hasi bila kujua, na grafu ikageuka kichwa chini. Dawa yake ni kuishusha sumaku kwa kupitiliza sifuri huku na huku, kila mara kidogo zaidi, mpaka itulie. Tulikuwa tumefanya hivyo, hatukuwa tumeandika. Mhakiki hana namna ya kujua usichoandika, na alituambia hivyo hivyo, bila ukali.

La tatu liliniuma. Mikondo ya ukomo tuliihesabu kwa njia ya Bean, ile ya miaka ya 1960 inayotazama vipimo vya sampuli na upana wa kitanzi cha usumakishaji, ile grafu inayojifunga uga ukipandishwa na kushushwa. Kitanzi chetu cha kelvini 20 kilianza kwenye uga sifuri. Cha kelvini 5 kilianza kwenye tesla 1. "Mbona?" aliuliza.

Ukweli ni kwamba nilikikata. Chini ya tesla 1, kwenye kelvini 5, kitanzi kilikuwa na meno kama msumeno. Kwenye joto la chini hivyo kitu kina uwezo mdogo mno wa kumeza joto. Mistari ya sumaku ikisogea kidogo inapasha, ikipasha mkondo wa ukomo unashuka, ukishuka mistari inasogea zaidi, na ghafla inaporomoka yote kama ukuta wa mchanga. Wenyewe tunauita mruko wa flaksi, flaksi ikiwa ndiyo hiyo mistari. Unajulikana, MgB₂ inasifika kwa hilo, wala si aibu. Ila kwenye grafu ulikuwa unaonekana mchafu, nami nikaamua, saa nane za usiku, kwamba msomaji hauhitaji. Sikuandika popote kwamba nimeukata.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jarida linadai tamko la data, lile nililolijaza kwa kunakili sentensi iliyoandaliwa. Mwaka 2022 jarida la Nature liliondoa makala ya 2020 iliyodai usuperkondakta kwenye joto la chumba ndani ya hidridi ya kaboni na salfa chini ya shinikizo kubwa, na kisa kilikuwa namna data ya sumaku ilivyoondolewa mandharinyuma yake kwa njia ambayo haikuelezwa sawasawa. Sijilinganishi nao, mimi nilikata meno ya msumeno tu. Lakini mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Tuliurudisha msumeno wote kwenye kielelezo, tukaandika aya moja kuueleza, na makala ikawa bora kwa aya hiyo. Data ghafi tuliiweka kwenye hifadhi ya wazi.

Mengine yalikuwa ya kawaida: nilikuwa nimechanganya oerstedi kwenye mhimili na tesla kwenye maandishi, na vizio vya usumaku vya mifumo miwili, emu huku na ampea kwa mita kule. Mhakiki alisema tuchague lugha moja. Tulichagua SI.

Barua ya majibu niliiandika wiki sita. Kila hoja niliinakili nzima, chini yake jibu letu, chini yake sentensi mpya ilivyo na ukurasa na mstari wake. Pale tulipokosea niliandika "tulikosea" na si "tumeboresha uwasilishaji". Duru ya pili ilichukua wiki saba, ikarudi na mistari miwili. Mhakiki wa pili alisema sasa anakiamini Kielelezo cha 3. Nimewahi kupata alama za juu darasani na hazikunipa raha ile.

Makala ikakubaliwa, miezi saba kasoro siku chache tangu nibonyeze kitufe. Ukikubaliwa unapelekwa kwenye ukurasa wa malipo, nao umepangwa kijanja. Njia ya kufanya makala iwe wazi kwa wote, inayomgharimu mwandishi maelfu ya dola, ni kisanduku kikubwa chenye rangi. Njia ya kawaida, ambayo mwandishi halipi kitu na maktaba ndizo zinazolipa, iko chini kwa maandishi madogo. Ipo, itafute. Sisi hatukulipa. Nakala yetu ya awali ilikuwa arXiv, hifadhi ya wazi ya miswada mtandaoni, tangu siku ya kwanza, kwenye kapu la superkondakta, na jarida halina neno na hilo. Kama hujawahi kuweka kitu huko huenda ukahitaji mtu wa kukudhamini, kwa hiyo usingoje mpaka siku ya mwisho.

Sasa wachapaji.

Prufu ilikuja Ijumaa jioni na saa arobaini na nane za kuirudisha. Nikaifungua, nikaenda moja kwa moja kwenye Jedwali la 2, penye ukinzani mahususi wa kila sampuli kwenye kelvini 40, juu kidogo tu ya Tc. Sisi tuliandika 31 µΩ·cm, yaani maikroohmu. Prufu ilisema 31 mW·cm. Miliwati! Nilicheka peke yangu. Kisa chake ni cha kale: kuna fonti ya alama ambayo ndani yake herufi ya Kigiriki ya maikro imekaa mahali pa m, na omega imekaa mahali pa W. Fonti ikipotea njiani faili linapobadilishwa, alama zinavua nguo na kubaki herufi za kawaida. Nikaandika kwenye pambizo, kwa wekundu: "W iwe Ω, jedwali zima." Wakasahihisha jedwali zima, W ikawa Ω kila mahali, kama nilivyoagiza.

Kama nilivyoagiza. Umeshaona?

Makala ikatoka na 31 mΩ·cm. Miliohmu, mara elfu moja ya kipimo chetu. Kwa namba hiyo hata grafaiti inatushinda kupitisha umeme, na mtu yeyote wa fani akiliona jedwali lile atajua ama sisi ni waongo ama vidonge vyetu ni tofali. Niliitazama W kwa sababu ilikuwa kichekesho, na m ikapita mbele ya macho yangu ikiwa imevaa suti. Waandishi wenza watatu nao waliisoma prufu. Wote walijibu "safi".

Aliyegundua ni mwanafunzi mmoja wa mbali ambaye hatufahamiani, aliyeandika baruapepe ya heshima kubwa kuuliza kama amekosea kusoma. Nilimjibu hajakosea. Kisha nikaandikia jarida, na hapo ndipo subira yangu iliisha: wiki nne bila jibu, halafu fomu, halafu swali kama kosa ni letu au lao. Niliwatumia faili letu la LaTeX, programu tuliyoandikia makala, ambamo \mu iko wazi, na prufu yao. Wakakubali kwamba m ni yao, wakanikumbusha kwamba prufu niliidhinisha mimi. Kweli. Sahihisho lilitoka mwezi wa tatu, kwenye ukurasa wake, na namba yake ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha chapisho. Atakayepakua makala bila kuligusa hilo sahihisho bado atasoma tofali.

Profesa alilichukulia kirahisi kuliko mimi. Alinikumbusha kwamba ule mswada wa 1987 wa kikundi cha Houston na Alabama, uliotangaza kampaundi ya kwanza inayokuwa superkondakta juu ya joto la nitrojeni ya kimiminika, kelvini 93 dhidi ya 77, ulifika jarida la Physical Review Letters ukiwa na Yb kila mahali panapotakiwa Y. Iterbiamu badala ya itriamu, vitu viwili tofauti. Ikasahihishwa dakika za mwisho kabla ya kuchapishwa. Wenyewe walisema ni kosa la uchapaji. Wenye ndimi zao walisema ni mtego kwa wadokozi. Kinachonifurahisha ni kwamba hata ile ya Yb, watu walipoitengeneza, nayo ni superkondakta. Miliohmu yangu haina bahati hiyo.

Tangu hapo prufu naisoma hivi: nachapisha kwenye karatasi, nafunika maandishi yote kwa kadi, nasoma vizio peke yake kutoka chini kwenda juu. Halafu namtafuta mtu asiyeijua makala anisomee namba kwa sauti nami niangalie faili la asili. Inachukua saa tatu.

Makala yetu ya pili ilikwenda upande wa usumaku, vijipunje vya feraiti ya nikeli na zinki. Ilikataliwa siku ya tisa, na mhariri mwenyewe ndiye aliyeeleza: tumedai ni superparamagnetiki, yaani usumaku wake haubaki uga ukiondolewa, kwa kutazama kitanzi kimoja kisicho na upana, bila vipimo vya kupoza ndani ya uga na bila uga. Ana haki. Upande huo wa jarida, nikiwa mkweli, ni dhaifu kuliko wa superkondakta. Umejaa mahesabu ya aloi za Heusler, jamii ya michanganyiko ya metali, ambazo hakuna aliyezitengeneza, na nadhani mhariri amechoka. Lakini kukataliwa kwa siku tisa na sababu ya maana ni huduma. Nimewahi kukataliwa kwingine kwa miezi mitano na sentensi moja.

Kwa hiyo nani atume? Mwenye sampuli halisi na vipimo vya kutosha, anayetaka kusomwa na mtu atakayehesabu umbo la kidonge chake. Anayehitaji barua ya kukubaliwa kabla ya mwezi ujao ili ahitimu asitume, wala asijibu zile baruapepe za majarida yanayokuita mheshimiwa sana na kukuahidi uhakiki wa siku tano. Ukinitaka nitoe nyota, wahakiki nawapa tano, mhariri nne, mfumo wa kupakia mbili, na idara ya uchapaji ningeipa moja, ila nahofia watachapisha elfu.

Makala ya tatu niliipakia wiki tatu zilizopita, ni MgB₂ tena. Kitanzi cha kelvini 5 kinaanzia sifuri na meno yake yote yamo. Asubuhi hii hali yake ilikuwa bado "Kwa mhariri".